Linux Kolwezi: mashine za zamani na karatasi za waliohama

Ukiandika neno “mama” kwenye mashine iliyowashwa na Linux kwa mara ya kwanza hapa Kolwezi, usishangae kuona kwenye kioo “;q;q”. Mashine haijarogwa. Kompyuta nyingi za Kongo zina vibonye vya Kifaransa, vile ambavyo mstari wa juu unaanza na A, Z, E, R, T, Y. Mfumo usipoambiwa chochote hudhani kwamba vibonye ni vya Kimarekani. Basi A inasomwa Q, na M inasomwa nukta-mkato. Kijana anayejifunza peke yake anaweza kupoteza siku nzima hapo, hasa kama neno lake la siri aliliandika bila kuliona na kesho yake mashine inamkatalia mlango. Akiwa na mwenzake aliyekwisha kupita njia hiyo, ni kazi ya dakika moja: achague Kifaransa mwanzoni kabisa, kabla ya kugusa kitu kingine.

Hiyo ndiyo faida ya klabu ya kompyuta. Klabu ya aina hii haihitaji jengo wala bango. Inatosha kuwa na vijana sita au kumi, meza, waya wa umeme wenye matundu ya kutosha, na mashine tatu ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Wazazi wengi wakiwaona vijana wameinamia kioo cheusi chenye maandishi meupe wanadhani ni mchezo, au ni mambo ya kuiba pesa za watu kwenye simu. Lakini kuna kazi hapo, na kwa familia zilizohamishwa mara moja au mara mbili, kazi hiyo inagusa mambo ya nyumbani.

Kila kompyuta ina programu kubwa inayoongoza nyingine zote: inaamsha kioo, inasoma diski, inapokea herufi kutoka kwenye vibonye. Huo ndio mfumo wa uendeshaji. Wengi wanaujua mmoja tu, Windows wa Microsoft. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutengeneza viraka vya usalama vya bure vya Windows 10, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kuongezewa mwaka mmoja. Windows 11 inadai chipu ya usalama na prosesa ambazo mashine nyingi za kabla ya 2018 hazina. Na mashine za kabla ya 2018 ndizo zinazopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, zikiwa zimeshatumika miaka mingi kwa wenyewe wa kwanza. Nyingi zinapita bandari ya Dar es Salaam au Durban, zinavuka Kasumbalesa, zinapanda hadi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Ni barabara ileile ambayo malori ya shaba na kobalti hushuka nayo. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia nzima, na kobalti inaingia kwenye betri za kompyuta za mkononi. Ikirudi hapa ndani ya betri iliyochoka, isiyotunza umeme hata dakika kumi, mtu ana haki ya kucheka kidogo.

Linux ni njia nyingine. Ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki huko Finland, alipotangaza kwamba anatengeneza kiini cha mfumo na kila mtu anaweza kukitazama. Kwa wazee wa Gécamines, huo ulikuwa mwaka uliofuata baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka, Septemba 1990, wakati mishahara ilipoanza kuyumba na mji ukaanza kujifunza kuishi bila kampuni mama. Kiini cha Torvalds kiliungana na programu za mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, na leseni yake inasema jambo ambalo watu wa hapa wanalisikia kwa mashaka: unaruhusiwa kuinakili, kuigawa, kuibadilisha, hata kuiuza, bila kumwomba mtu ruhusa. Mashaka hayo yana sababu. Katika Lualaba, kitu kisicho na mwenye kudai hati ni nadra sana.

Ruhusa ya kunakili ina thamani kubwa mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa mega. Faili la Linux Mint, mojawapo ya mifumo inayopendwa na wanaoanza, linakaribia mega 3,000. Hakuna mwanafunzi atakayetumia fedha zake zote kulivuta, kisha simu ikate katikati. Lakini mtu mmoja akilivuta mara moja usiku, linapita kutoka flashi hadi flashi, kutoka Manika hadi Dilala, bila mega hata moja zaidi. Kuna tahadhari moja tu, ambayo vijana wasio na subira huiruka: kila faili la namna hii hutolewa pamoja na namba ndefu ya kulihakiki. Namba ya nakala yako ikitofautiana na ile ya watengenezaji, hata kwa herufi moja, faili limeharibika njiani au limechezewa, nawe unatupa na kuanza upya.

Umeme nao una yake. Waya mkubwa unaotoka Inga, kilomita 1,700 hivi, ulikamilika mwaka 1982 na mwisho wake ni hapahapa Kolwezi. Ulijengwa kwa ajili ya migodi, na vijiji vingi vinautazama ukipita juu ya vichwa vyao. Katika mitaa ya mji umeme huja na kuondoka upendavyo. Anayesimika mfumo mpya kwenye diski wakati betri ya mashine imekufa anacheza kamari: umeme ukikatika katikati, mfumo wa zamani umeshafutika na mpya haujakamilika. Kwa hiyo klabu yenye busara inaweka sheria moja kabla ya nyingine zote: hakuna kusimika bila betri inayodumu saa moja au jenereta inayonguruma nje.

Kwa bahati nzuri, si lazima kusimika. Linux inaweza kuishi kwenye flashi yenyewe, kile kidude ambacho wengi hapa wanakiita kle. Unachomeka, unawasha mashine huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, unachagua flashi, na baada ya dakika chache kompyuta nzima inafanya kazi bila kugusa diski ya ndani. Ukizima na kuchomoa, diski inabaki ilivyokuwa. Vijana huanza hapo kwa sababu ya kuogopa kuharibu mashine ya baba. Lakini jambo hilohilo ndilo linaloleta wakina mama mlangoni.

Mama mmoja wa aina yao anafika na flashi iliyofungwa kwenye kona ya kitenge. Ndani yake kuna picha za mazishi ya baba watoto, bulletini za shule, diploma ya taifa ya mtoto wa kwanza, kadi ya mchaguzi iliyopigwa picha kwa simu, na karatasi za lupango walilohama. Aliipeleka kwenye chumba cha fotokopi kuchapa ukurasa mmoja, ikarudi na ugonjwa: kila folda imegeuka mshale mdogo, ukibonyeza hakuna kinachofunguka. Kijana wa fotokopi amemshauri aifute yote aanze upya.

“Mwanangu, vimeisha vyote?”

“Hapana, mama. Vimefichwa tu. Tulia uone.”

Na kweli vimefichwa tu. Kirusi hiki ni cha kawaida sana kwenye mashine za kuchapia barua. Kinaweka alama ya “fichwa” kwenye folda za kweli, kisha kinapanga mishale ya uongo mahali pake. Windows inaitii alama hiyo, kwa hiyo mwenye flashi haoni kitu. Linux haijali alama hiyo, na mishale yenyewe haina nguvu ndani yake. Unachomeka flashi na folda za kweli zimesimama palepale, pamoja na takataka za kirusi. Unanakili folda kwenda flashi safi, na ile yenye ugonjwa ndiyo unayoifuta. Dakika kumi, pamoja na mazungumzo. Mtu ambaye hajawahi kupoteza nyumba hataona ukubwa wa jambo hili.

Palipofutwa kweli, bado kuna nafasi. PhotoRec ni programu huria isiyolipiwa, na inaweza kuchimbua picha zilizofutwa ilimradi hakuna kitu kipya kilichoandikwa juu yake. Majina ya mafaili hupotea, hivyo mtu anarudishiwa picha mia tatu zenye namba tupu na inabidi akae azitambue moja moja. Kwa sababu hiyo ushauri kwa anayesikiliza ni huu: flashi ikigoma, na Windows ikuulize kama iifomati, kataa. Usiweke wimbo wala filamu juu yake. Ichomoe, itunze, mpelekee mtu anayejua.

Mashine iliyokufa nayo si mwisho wa habari. Mara nyingi kilichokufa ni Windows tu, diski ikiwa nzima. Ukiiwasha kwa flashi ya Linux unaweza kuingia kwenye diski na kutoa karatasi. Isipokuwa diski iwe imefungwa kwa ufunguo wa siri, kama kompyuta nyingi za kampuni zilivyo. Hapo bila ufunguo hakuna anayeingia, na klabu isikubali kujaribu mashine ambayo mwenyewe hajulikani.

Kolwezi na karatasi wana historia ndefu. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walirundikana kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi, wakiwa wamefukuzwa kwenye nyumba walizozaliwa, wamebeba kilichobebeka. Mwaka 2017 watu wa Kasulo walihamishwa na eneo likazungushiwa ukuta ili kobalti iliyo chini ya nyumba zao ichimbwe. Septemba 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la haki za binadamu la hapa Kolwezi, walitoa ripoti kuhusu watu walioondolewa kwa ajili ya migodi, wakiwemo wakaaji wa Cité Gécamines. Na tangu Goma na Bukavu kuchukuliwa na M23 mwanzoni mwa 2025, familia nyingine zinajua maana ya kufunga mlango bila kujua kama utaufungua tena. Popote mtu anapodai fidia, anapomwandikisha mtoto shule mpya au anapotafuta kazi, swali la kwanza ni moja: karatasi ziko wapi?

Nakala ya picha haina muhuri na haichukui nafasi ya hati. Hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu matapeli wapo wanaouza matumaini. Lakini nakala inaonyesha namba, tarehe, sahihi na jinsi jina lilivyoandikwa kwenye daftari la komuni. Anayeomba hati mpya akiwa na namba mkononi anaanza mbali sana kuliko anayesema tu “ilikuwepo, ilipotea”.

Ukiacha karatasi zako kwenye mashine ya chumba cha fotokopi zinabaki pale, na yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako anaweza kuzisoma. Ukiwasha mashine hiyo kwa flashi yako ya Linux, mwenye duka akikuruhusu, ukizima hakuna kilichobaki nyuma. Pia Linux inaweza kuifunga sehemu ya flashi kwa neno la siri, ili mwizi akiiokota asipate kitu. Hapa vijana na wazee huwa hawakubaliani, na wazee wana hoja. Flashi iliyofungwa namna hiyo haifunguki kwenye Windows ya kawaida, na neno la siri likisahaulika hakuna klabu, fundi wala mchawi atakayeifungua. Mama akifariki bila kumwambia mtu, karatasi zote zinakwenda naye. Kwa karatasi ambazo mwizi hawezi kufanyia chochote, kama bulletini za shule au picha za familia, afadhali ziachwe wazi. Kufunga kubaki kwa zile chache ambazo zikishikwa na mkono mbaya zinaweza kumnyang'anya mtu haki yake.

Lugha nayo ilishafanyiwa kazi zamani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo menyu zake zote ni za Kiswahili, kuanzia kuandika barua hadi jedwali la hesabu. Oktoba ya mwaka uleule Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, santuri zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba. Wanaosema Kiluba hawahitaji kueleza jina hilo. Wao wanasema bumuntu.

Hata hivyo, ukweli wa Kolwezi ni kwamba vijana wengi huchagua menyu za Kifaransa. Mtihani wa taifa ni wa Kifaransa, barua ya kuomba kazi ni ya Kifaransa, na bosi akisema “enregistre” hasemi “hifadhi”. Hakuna sababu ya kuwalaumu. Lakini kwa mama aliyeishia darasa la nne, au kwa mzee aliyejifunza kusoma Kiswahili kanisani, menyu ya Kiswahili inaweza kuwa tofauti ya kufungua barua mwenyewe na kumwomba mjukuu amsomee kila mstari. Mfumo huria unaruhusu watu wawili watumie mashine moja, kila mmoja na lugha yake anapoingia kwa jina lake. Jambo hilo halitumiki vya kutosha.

Kuna mahali Linux haifai, na klabu inayoficha hilo inawadanganya vijana. Kampuni za migodi zinatumia programu za kuchora na kupanga machimbo ambazo nyingi hufanya kazi kwenye Windows tu. Anayeitwa kwenye jaribio la kazi ya ofisi atakalishwa mbele ya Word na Excel. LibreOffice inafungua mafaili hayo, lakini jedwali linaweza kusogea na mistari kuvunjika, na mwajiri hatajali sababu. Kijana anayetafuta kazi ajue yote mawili. Mashine nyingine za zamani zinabaki na antena ya intaneti isiyotambuliwa na mfumo mpya. Dawa ya haraka ni kuunganisha simu kwa waya wa kuchajia na kutumia mega za simu, ambayo kwa kawaida hukubali papo hapo. Na mashine kongwe kabisa, zile za biti 32, zinazidi kuachwa: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisimikio kwa ajili yake. Antix bado inazihudumia, na kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo hiyo ndiyo inayosonga bila kulia.

Mwenye kutaka kuleta karatasi zake aje na flashi mbili, si moja. Yenye gigabaiti 8 inatosha kwa karatasi za ukoo mzima. Aje na hati zenyewe, zipigwe picha mchana karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelala mezani, kila ukurasa peke yake, upande wa muhuri pia. Kila picha ipewe jina linaloeleweka, kwa mfano cheti-cha-kuzaliwa na jina la mtoto, si zile namba za simu. Kisha nakala ileile iwekwe kwenye flashi zote mbili na zifunguliwe palepale, mbele ya mwenyewe, kwenye mashine nyingine.

Flashi ya kwanza anarudi nayo nyumbani. Ya pili isilale nyumba hiyohiyo, kwa sababu tingatinga, moto au mbio za usiku zitazichukua zote pamoja. Impelekee dada aliye Likasi, shangazi wa Kamina, au rafiki wa kanisa anayeaminika. Jina la familia lisiandikwe juu yake. Uzi mwekundu unatosha kuwa alama. Na kila baada ya miezi michache aliyeitunza aichomeke mahali aone kama bado inafunguka, maana flashi iliyokaa kabatini miaka mingi bila umeme inaweza kupoteza kila ilichobeba.